Asubuhi ya Datsun 240Z Kurudi Barabarani

Safari Rally ya 1971 ilichukuliwa na Datsun 240Z ya Edgar Herrmann, na ya 1973 ikachukuliwa na nyingine, ya Shekhar Mehta. Ndiyo maana pale Nairobi, tulipoitoa gereji 240Z iliyokaa miaka mingi chini ya turubai, walinzi wa jirani walikuja kuitazama kabla hata haijawaka.

Kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, ilikuwa mpya. Kwa hiyo jana yake injini ilizungushwa kwa kasi ya mizunguko 2,000 kwa dakika, dakika 20 mfululizo, ikiwa na oili yenye zinki. Kamshafti mpya ikiachwa ingurume polepole tangu mwanzo, haipati oili ya kutosha, na vinundu vyake huliwa upesi sana.

“Usikanyage mafuta, mzee. Vuta choki tu,” fundi alimwambia mwenye gari.

Choki ya kabureta zile mbili za Hitachi, zinazochanganya petroli na hewa, haizibi hewa. Hushusha jeti, kijibomba kinachopitisha petroli, ili petroli iongezeke. Injini iliwaka mara moja. Ilipopata moto choki ikarudishwa, lakini mtetemo ukabaki, na moshi mweusi. Tukafungua plagi: namba 1 hadi 3 zilikuwa za kahawia, 4 hadi 6 zimejaa masizi. Kabureta ya nyuma ndiyo hasa inayolisha silinda tatu za mwisho, basi tulijua pa kutazama. Fundi alipitisha kidole chini yake akaisukuma jeti, nayo ikapanda kwa mlio mdogo. Kebo ya choki ilikuwa imevutwa mno, haikuacha nafasi ya jeti kurudi.

Nati ya mchanganyiko huanzia mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Nairobi iko mita 1,700 hivi na hewa yake ni nyepesi, hivyo tuliipandisha kidogo kupunguza petroli. Kipimo ni kuinua pistoni ya kabureta kama milimita moja: mngurumo ukipanda ukabaki juu, petroli ni nyingi, injini ikitaka kuzima, ni kidogo, ukipanda kidogo kisha ukatulia, acha hapo.

Tulishika njia ya Limuru mapema, kabla malori hayajajaa. Usukani ni mzito gari likisimama, ila likianza kutembea unakuwa mwepesi na unaisikia kila changarawe. Ni raha ya kweli, na kishawishi cha kukanyaga ni kikubwa, lakini hatukuvuka mizunguko 3,000 kwa dakika. Ringi mpya za pistoni zilihitaji mzigo ili zikae sawa kwenye silinda: gia ya tatu, kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, halafu kuachia mafuta gari lipungue lenyewe. Breki nazo tulizizoesha kabla ya mteremko wa Mai Mahiu, kutoka 60 hadi 20, tukiziacha zipoe katikati. Usisimame ukiwa umeikanyaga breki mpya yenye moto. Pedi huacha alama kwenye diski na kanyagio huanza kudunda.

Mteremko tuliushuka kwa gia ya pili na ya tatu. Chini tuligusa rimu zote: ya nyuma kulia ilikuwa ya moto kupita ya kushoto. Silinda ya breki ya nyuma ya 240Z sharti iteleze kwenye bamba lake, na rangi mpya ilikuwa imeigandisha. Fundi alikwangua rangi, akapaka grisi ya breki kidogo, gurudumu likazunguka bure.