Goti lilipona, figo zikaanza kulia

Mi sio daktari, tuelewane hapo kwanza. Ni mtu tu aliyeumwa goti akameza dawa kama pipi mpaka akashikwa, sasa naandika kabla sijasahau nilivyotishika.

Ilianza na ngazi. Nilikosa kidato cha mwisho, goti likajipinda, kesho yake limevimba hata suruali haipiti vizuri. Nikaenda kwa daktari nikaandikiwa diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara tatu, siku 5. Piga hesabu hapo, ni miligramu 150 kwa siku, na hicho ndio kiwango cha mwisho cha mtu mzima, yani hakuna nafasi ya kuongeza hata nusu kidonge. Aliyeniandikia hakuuliza kama natumia dawa nyingine na mimi sikusema. Presha ninayo miaka sasa, kila asubuhi nameza enalaprili na kile kidonge cha kukojoza maji, lakini kichwani kwangu zile hata sikuzihesabu kama dawa, ni kama kupiga mswaki, unaamka unafanya unasahau.

Siku 5 zikaisha, goti limetulia kidogo, nikanunua tena mwenyewe bila kumuuliza mtu. Alafu tena. Na jioni kichwa kikigonga naongeza ibuprofeni juu yake, manake kwa akili yangu ile moja ni ya goti na hii ni ya kichwa. Kumbe ni ukoo mmoja! Diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini, wote hao ni familia moja ya dawa za kutuliza maumivu na uvimbe, ukimeza mbili kwa pamoja hupati nafuu mara mbili, unachopata mara mbili ni madhara. Na majina ya kibiashara ndio yanatuchanganya zaidi, boksi jekundu na boksi la bluu, ndani kitu kile kile. Siku hizi sisomi jina kubwa la mbele, natafuta yale maandishi madogo yanayosema ndani kuna nini.

Wiki ya tatu ndio mambo yakaanza. Jioni navua soksi naona alama ya lastiki imezama mguuni kama nimefungwa kamba. Nikabonyeza kidole juu ya kifundo, nikatoa, shimo likabaki pale pale, nikahesabu mpaka kumi bado lipo. Nikapima presha, 168 kwa 102, wakati mi kawaida yangu 130 kwa 80 hivi. Unajua nilifanya nini? Nilibadilisha betri za mashine.

Betri mpya, majibu yale yale. Ndio nikaenda, safari hii kwa daktari mwingine, mama mmoja mtulivu sana, akaniambia nimwage mezani kila ninachomeza. Nikamwaga. Akavisogeza vile vipakiti kwa ncha ya kalamu, viwili huku, viwili kule, akasema hizi mbili ni kitu kimoja, na hizi nyingine mbili hazitaki kukaa na hizo. Alafu akanichukua damu na kreatinini ikarudi juu, 1.9, wakati mwaka uliopita ilikuwa 1.0. Hicho kipimo kikipanda maana yake figo hazichuji uchafu inavyotakiwa.

Alivyonieleza nilielewa mara moja, kwa hiyo narudia kama alivyosema. Mwili unatengeneza vitu vinaitwa prostaglandini. Pale kwenye goti ndio vinaleta uvimbe na maumivu, na dawa inazuia visitengenezwe, ndio maana unapata nafuu. Aliyegundua dawa hizi zinafanyaje kazi ni Mwingereza John Vane, mwaka 1971, alikuwa anachunguza aspirini, na mwaka 1982 akashiriki tuzo ya Nobel. Shida ni kwamba vitu hivyo hivyo vinalinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na vinashikilia mlango wa damu inayoingia kwenye figo uwe wazi. Dawa ukishaimeza haijui goti liko wapi, inazima kila mahali.

Sasa chukulia figo ni tangi. Kidonge cha kukojoza kimepunguza maji kwenye mfumo mzima. Enalaprili imelegeza bomba la kutokea. Diklofenaki inakuja inabana bomba la kuingilia. Tangi litakuwa na presha gani ya kuchujia? Ndio hali yangu ilikuwa hiyo, na mtu wa presha anayetumia vidonge kama vyangu akiandikiwa dawa ya maumivu hili ni la kusema hata kama hajaulizwa. Wazee wako hatarini zaidi, na mtu yeyote anayetapika au kuharisha, manake maji mwilini yameshapungua.

Nilivyorudi nyumbani nikasoma usiku kucha (kosa kubwa, usisome mambo ya afya usiku) nikakutana na habari ya tai wa India. Ng'ombe walikuwa wanatibiwa na diklofenaki, wakifa tai wanakula mzoga, na tai wakawa wanakufa kwa figo kushindwa, karibu waishe kabisa. Chanzo kilijulikana mwaka 2004, na 2006 India ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo. Figo za binadamu ni ngumu kuliko za tai, sawa, lakini usiku ule mi nilijiona tai kabisa.

Tumbo ndio watu wengi wanalijua, ila wanalijua nusu. "Kula kwanza ndio umeze" inasaidia kichefuchefu, lakini haizuii kidonda, manake madhara yanapitia kwenye damu, sio kidonge kukaa tumboni tu. Kwa hiyo hata sindano, hata ile ya kuweka nyuma, tumbo linaweza kutoboka vile vile. Daktari anaweza kukuongezea omeprazoli ya kulinda tumbo, nzuri, ila figo na moyo hailindi. Na choo kikiwa cheusi tii kama lami, au ukitapika kitu kama unga wa kahawa, hiyo ni damu, usisubiri asubuhi. Kuna wengine kidonda kinatoka damu bila hata tumbo kuuma, manake dawa yenyewe imeshaua maumivu.

Moyo nao. Walitengeneza aina mpya zinazoliacha tumbo, moja ikaitwa Vioxx, ikaingia sokoni 1999, na Septemba 2004 kampuni ikaiondoa yenyewe kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakazia onyo kwa familia karibu nzima, kwamba hatari inaweza kuanza ndani ya wiki za mwanzo tu na inapanda kadri dozi inavyopanda. Wajawazito kuanzia wiki ya 20 wasizitumie bila daktari kusema, figo za mtoto nazo zinaguswa. Wenye pumu wengine zinawabana kifua. Wanaotumia warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, hapo usijaribu kabisa bila kuuliza.

Mi mwenyewe niliacha zote mbili siku ile ile, akanibadilishia mpangilio wa presha kwa muda, nikarudi baada ya wiki mbili kreatinini imeshuka mpaka 1.1. Nina bahati, sio wote zinarudi. Goti sasa napaka jeli ya diklofenaki, kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana kuliko kidonge, na hata hiyo nilimuuliza kwanza.

Juzi dirishani pa famasia kijana akaniuliza, baba unatumia dawa nyingine yoyote? Nikatoa simu, nikafungua orodha nikaanza kumsomea moja moja na miligramu zake, nyuma yangu foleni inaguna, nikarudia ya tatu kwa sababu hakusikia vizuri.