Mwacheni mama alie

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Tafakari imechelewa wiki hii ya Mashujaa kwa sababu moyo wangu haukuwa sawa, nilimkosea mama yangu mzazi na nimemkosea kwa kutumia neno la Mungu, toka Jumapili silali vizuri.

Ilikuwa hivi. Binti yangu yuko form six, mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza), anasoma kutwa hapahapa Masasi, akapewa homework ya mashairi ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Tumekaa uani tunapukuchua mbaazi, mimi, yeye na bibi yake, akawa anatusimulia. Kuna Mwingereza Rupert Brooke aliandika kwamba akifa vitani, ile kona ya nchi ya watu atakapozikwa itakuwa Uingereza milele, watu wakalipenda mno hilo shairi, naye kweli akafa Aprili 1915 ila sio kwa risasi, aliumwa na mbu sumu ikaingia kwenye damu kabla meli yao haijafika vitani, wakamzika Ugiriki. Mwingine ni Wilfred Owen, huyu aliyaona mahandaki na gesi ya sumu, akaandika kwamba ule msemo wa kuifia nchi ni kutamu ni uongo wa siku nyingi. Akauawa tarehe 4 Novemba 1918, vita ikaisha tarehe 11, na siku hiyohiyo kengele za amani zinalia ndio mama yake akaletewa simu ya maandishi ya kifo.

Binti akaniuliza, mama, sasa mkweli nani hapo?

Nikajibu haraka kama mtu aliyekariri. Yohana 15, hakuna upendo mkuu kuliko wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, nikaongeza, hata mjomba wako ni shujaa, sisi hatumlilii, tunajivunia. Mama hakusema kitu. Akaweka ungo chini akaingia ndani, na jioni hakula.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, alifia Msumbiji 1988, amelala makaburi ya mashujaa Naliendele, Mtwara. Mimi nilikuwa darasa la pili. Nakumbuka watu wazima wamemzunguka mama wanamwambia nyamaza, kazi ya Mungu haina makosa, mwanao kafa kishujaa. Na mimi miaka yote hii nimekuwa mmoja wao.

Usiku nikafungua 2 Samueli sura ya 1, pale Daudi anamlilia mfalme Sauli na mwanae Yonathani waliouawa vitani Gilboa. Wapendwa hilo nalo ni shairi la vita, tena limeandikwa na mwanajeshi. Anawasifia kweli, wepesi kuliko tai, hodari kuliko simba, nchi yake anaipenda mpaka hataki habari zifike Gathi adui wasije wakasherehekea. Lakini haishii kwenye sifa. Anailaani milima ya Gilboa isipate umande wala mvua, anawaambia binti za Israeli wamlilie Sauli, Sauli huyohuyo aliyekuwa anamwinda amuue, halafu mwishoni ushujaa wote anauweka pembeni anasema tu, nasikitika kwa ajili yako ndugu yangu Yonathani. Na soma mwenyewe kuanzia mstari wa 19 mpaka wa 27, jina la Mungu hulikuti hata mara moja. Hakuna "ni mapenzi yake". Ni kilio kitupu, na Mungu amekipokea kikakaa kwenye Maandiko Matakatifu, tena Daudi akaagiza wana wa Yuda wafundishwe. Watoto wafundishwe kulia!

Sasa sisi tumetoa wapi haraka hii? Nasema na jumuiya zetu, nasema na mimi mwenyewe. Mama kafiwa, hata chozi la kwanza halijakauka tushamwambia usimkufuru Mungu. Yesu alijua anaenda kumfufua Lazaro na bado akalia. Aliipenda nchi yake, na alipoiona Yerusalemu akaulilia mji. Ile aya ya Yohana ni ya kweli kabisa, ila Bwana aliisema usiku wa kuamkia kifo chake yeye, hakuitoa imfunge mdomo mama wa mtu. Hata mama yake Sisera, yule jemadari wa adui aliyeuawa, Debora kwenye wimbo wake kamuweka dirishani anangoja gari la mwanae.

Na wapo wasioliliwa na yeyote. Ukipita Mahiwa ukitokea Lindi kumbuka Oktoba 1917, Waingereza na Wajerumani walipigana pale siku nne, na katika vita nzima ya Afrika Mashariki wapagazi wetu waliobeba mizigo walikufa makumi kwa maelfu, wengi majina hayakuandikwa popote. Waombeeni.

Jumatatu nilimpigia mama magoti. Nikamwambia nisimulie kaka alikuwaje, sio uanajeshi, yeye. Akaanza taratibu, kwamba alipenda ming'oko, vile viazi pori vyetu, mpaka anaila ya moto, anaungua ulimi, kwamba alikuwa mwoga wa giza. Akalia, nikalia naye, binti akaacha daftari akaja kukaa mkekani.

Baadae akaniuliza kama kwenye kaburi wameandika jina lake sawasawa, maana jeshini walikuwa wanalikosea, na yeye kusoma hajui. Miaka yote hakuna aliyewahi kumsomea. Jumamosi tunaenda Naliendele.