Tetekuwanga ilipotuingilia Kadutu

Tangu aina mpya ya mpox (homa ya nyani, nayo hutoa vipele) ilipojitokeza Kamituga, mji wa mkoa wetu wa Kivu Kusini, mwaka 2023, hapa mtaani Kadutu, Bukavu, kipele hakionekani tena kama kipele tu. Mwanangu mkubwa alipotoka vipele mgongoni, majirani waliwaita watoto wao ndani kabla hata sijafunga mlango kwenda kituo cha afya.

Muuguzi alimvua shati, akakagua viganja na nyayo, akampapasa shingo na kinena kutafuta mtoki. Kisha: "Mama, angalia hapa." Kando ya gaga lililokwisha kukauka palikuwa na lengelenge jipya, maji yake maangavu kama umande, na pembeni yake doa jekundu tu. Tetekuwanga hutoka kwa mafungu namna hiyo, kuanzia kifuani na mgongoni. Vipele vya mpox mara nyingi huiva pamoja, na tezi huvimba. Hata hivyo alinitaka nirudi mbio nikiona mtoto anahema kwa shida, amelegea, au kidonda kinatoa usaha.

Kumtenga na mdogo wake, nilijua ni bure. Wanalala kitanda kimoja, na ugonjwa huu huambukiza siku 1 au 2 kabla ya upele. Dalili huchukua siku 10 hadi 21 kujitokeza. Mdogo naye akatoka vipele. Aliyenipa wasiwasi ni wifi yangu, mjamzito ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga. Huyo nilimpeleka kwa daktari upesi, maana kwake si ugonjwa wa watoto tena.

Kazi yenyewe ni usiku. Mwasho! Nilikata kucha hadi mwisho, nikawavika soksi mikononi, nikawaogesha maji ya uvuguvugu (bidoni za maji zilipanda mlima kweli wiki zile), nikawapaka kalamini, dawa ya kutuliza mwasho. Homa ilipopanda niliwapa parasetamoli kwa kipimo cha uzito wao. Aspirini hapana: kwa mtoto mwenye tetekuwanga inaweza kudhuru ini na ubongo. Jirani mmoja aliniletea ampisilini, kwa moyo mwema, nikamshukuru nikaiweka kabatini. Hiyo ni dawa ya bakteria, haiui kirusi.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza la maana: mbona yeye, aliyeugua utotoni, aliwahi kupata mkanda wa jeshi ukubwani? Muuguzi akamjibu kwamba kirusi ni kilekile, hujificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka.

Shuleni walirudi magaga yote yalipokauka. Mwalimu alidai karatasi ya kituo, nikampa.