Acheni asilimia, nionyesheni misamaha

Mabishano ya kodi za kampuni hapa Marekani huanzia kwenye asilimia na kuishia hapo hapo. Chama cha Republican kinajivunia 21, kiwango kilichowekwa na sheria ya Desemba 2017 kutoka 35. Chama cha Democratic kinataka 28. Kila msimu wa kampeni namba hizi mbili zinarushwa huku na huku, watu wanashangilia za kwao, na mimi ninayejaza fomu za kodi za wafanyabiashara wadogo huku Ohio nabaki nikitamani mtu mmoja tu jukwaani aulize kinachofuata baada ya asilimia.

Nina mteja mwenye karakana ya kushona mapazia. Kwa ushauri aliopewa zamani, alisajili biashara yake kama kampuni inayojilipia kodi yenyewe. Biashara ndogo nyingi haziko hivyo, kodi yake hulipwa kupitia fomu za wamiliki. Kabla ya 2018 kodi ya kampuni ilikuwa na ngazi, na faida isiyozidi dola 50,000 ilikatwa asilimia 15. Sheria ya 2017 ikafuta ngazi zote, ikaweka 21 kwa kila mtu, mkubwa na mdogo. Sasa piga hesabu ya faida ya dola 40,000: kodi ilikuwa 6,000, ikapanda hadi 8,400. Aliniuliza, "Dada, si walisema wamepunguza?" Walipunguza kweli, ila kwa waliokuwa juu. Yeye alikuwa chini, na sikumbuki kumsikia mgombea wa chama chochote akimtaja mtu wa aina yake.

Hata takwimu za mapato kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka wa fedha 2017 serikali kuu ilikusanya takriban dola bilioni 297 za kodi ya kampuni. Mwaka uliofuata zikashuka hadi bilioni 205, na Wademokrat wakaishika namba hiyo hawajaiachia. Mwaka 2022 zikafika bilioni 425, na Warepublican nao wakaishika yao. Zote mbili ni za kweli. Faida za kampuni zilipaa baada ya janga la korona, na mfumuko wa bei ukachangia, kwa hiyo kumpa sifa yote mtunga sheria wa 2017 si haki, kama isivyo haki kusimama kwenye mwaka mmoja wa mteremko na kuuita hukumu ya mwisho.

Lakini jambo linaloniuma zaidi ni hili la tabianchi, kwa sababu ndilo lililofichwa ndani ya kodi.

Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 219 dhidi ya 212, muswada wa kuweka ukomo wa hewa ya ukaa na kuruhusu vibali vyake kuuzwa. Seneti haikuupigia hata kura. Tangu hapo kila mtu aliyetaka kufanya jambo kuhusu tabianchi alijua kwamba sheria ya kawaida inahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe, na 60 hazipatikani. Mlango uliobaki ni ule wa muswada wa bajeti, unaopita kwa wingi wa kawaida. Ila mlango huo una sharti: kila kipengele lazima kiguse mapato au matumizi ya serikali. Huwezi kupitia hapo ukaweka kanuni ya moshi wa viwanda. Unaweza kuweka nafuu ya kodi.

Ndivyo sera kubwa kabisa ya tabianchi katika historia ya nchi hii, ile ya Agosti 2022, ilivyozaliwa ikiwa sheria ya kodi. Ilipita Seneti kwa 51 dhidi ya 50, Makamu wa Rais Kamala Harris akitoa kura ya uamuzi, na hakuna Mrepublican hata mmoja aliyeiunga mkono. Ilikadiriwa kuwa na takriban dola bilioni 369 za nishati na tabianchi, na ikaweka kodi ya chini ya asilimia 15 kwa kampuni zenye faida ya zaidi ya dola bilioni moja. Kiwango cha 28 hakikuingia, ingawa chama kilikuwa na mabunge yote mawili na Ikulu. Nafuu wanayopata mameneja wa mifuko ya uwekezaji, ambayo Wademokrat wameilaani kwa miaka, nayo ilinusurika kwa sababu Seneta Kyrsten Sinema alikataa iguswe. Na nafuu nyingi za nishati hazikuwekewa ukomo wa gharama, hivyo makadirio yakaanza kupanda. Niliifurahia sheria ile na bado naitetea. Hilo la kukosa ukomo lilikuwa kosa, na waliolisema mapema hawakustahili kuitwa maadui wa dunia.

Kilichoingia kwa kura 51 kinatoka kwa kura 51. Julai 4, 2025 Rais Trump alitia saini sheria iliyopita Seneti kwa hesabu ile ile, safari hii kura ya uamuzi ikiwa ya Makamu wa Rais J. D. Vance. Nafuu ya dola 7,500 ya gari jipya la umeme ilikoma Septemba 30. Ile ya asilimia 30 ya paneli za sola za nyumbani, ninayoijaza kwenye Fomu 5695, ilikoma Desemba 31, wakati sheria ya 2022 iliahidi ingeendelea kwa kiwango hicho hadi 2032. Familia zilizokuwa zikidunduliza taratibu zilinipigia simu vuli nzima zikiuliza kama fundi akimaliza Januari itakuwaje. Jibu lilikuwa moja: haitahesabika. Hata waliokwisha kulipa waliambiwa hivyo, kwa maana kinachoangaliwa ni lini kazi ilikamilika.

Sasa linganisha. Kampuni za mafuta zinaruhusiwa kukata gharama nyingi za kuchimba kisima mara moja, badala ya kuzigawa kwa miaka ya uhai wa kisima. Chimbuko la ruhusa hiyo ni 1913, mwaka kodi ya mapato ya kisasa ilipoanza. Haina tarehe ya mwisho. Sheria ya 2025 haikuigusa ila kuipanua, ikaruhusu gharama hizo zipunguze hata ile kodi ya chini ya asilimia 15. Makaa ya mawe ya kuyeyushia chuma yakapewa nafuu mpya. Anayeniambia kwamba serikali haipaswi kuchagua mshindi kwenye soko la nishati namwomba anieleze miaka hii zaidi ya mia moja.

Na uwajibikaji? Agosti 2024 wabunge 18 wa Republican walimwandikia Spika Mike Johnson wakimsihi asifute kwa pupa nafuu za nishati za sheria ya 2022, kwa sababu viwanda vilikuwa vimeshaanza kujengwa. Kati yao, wote waliokuwa bado bungeni Julai 2025 walipiga kura ya ndiyo kwa muswada ulioua nyingi ya nafuu hizo. Matokeo yalikuwa 218 dhidi ya 214, na Warepublican waliokataa walikuwa wawili tu, ambao hata barua ile hawakuisaini. Mbunge ana haki ya kubadili msimamo. Hana haki ya kubadili msimamo ndani ya kurasa karibu elfu moja, ambako kura moja inabeba kodi, bima ya afya, ulinzi wa mpaka na kila kitu, kisha akirudi jimboni aseme alikuwa akitetea kitu kingine.

Tangu 1974 sheria inataka bajeti ya serikali iambatane na orodha ya misamaha yote ya kodi pamoja na thamani yake. Orodha ipo, inatolewa kila mwaka, na nawasihi mnaosoma hapa muitafute. Tatizo ni kwamba hakuna anayelazimika kuipigia kura. Fedha za shule na barabara huidhinishwa kila mwaka. Msamaha wa kodi ukishaingia, unakaa hadi mtu mwenye nguvu auchukie.

Wa kuusimamia nao wamepungua. Mamlaka ya kodi, IRS, ilipewa takriban dola bilioni 80 na sheria ya 2022, na fedha hizo zikaanza kunyofolewa kwa hoja ya kumkinga mwananchi dhidi ya jeshi la wakaguzi. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria mapema 2023 kwamba kuzifuta kungeongeza nakisi kwa bilioni 114, kwa sababu kodi isiyofuatiliwa hailipwi. Katika nusu ya kwanza ya 2025 mamlaka hiyo ilipoteza karibu robo ya wafanyakazi wake. Mshonaji wangu wa mapazia hana wanasheria wa kumtafutia mwanya. Wakaguzi wakipungua, anayepumua ni yule mwenye wanasheria.

Novemba 3, 2026 tunachagua Baraza zima la Wawakilishi, na huku Ohio tunajaza pia kiti cha Seneti alichokiacha Vance. Yeyote atakayekuja kuomba kura yangu, wa chama chochote, nitamuuliza hivi: ule msamaha wa visima vya mafuta utaupigia kura gani, na utakubali upigiwe kura peke yake, jina lako likiandikwa kando ya ndiyo au hapana?