Chipu za mwanga: fundi wa faiba nimekaa na kalkuleta

Nina mdogo wangu, mtoto wa mamdogo, anasoma mambo ya kompyuta pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya. Huyu dogo kazi yake ni kunitumia linki za teknolojia usiku wa manane kama vile mimi kesho yake sina nguzo ya kupanda. Juzi kanitumia habari za hizi kampuni changa zinazotengeneza prosesa za akili mnemba zinazotumia mwanga badala ya umeme, na chini yake kaandika "kaka umeme umeisha kazi, sa hivi ni leza tu, Nvidia kwisha habari yao", yani ile kampuni ya Marekani ya chipu za akili mnemba. Nikamjibu tulia kwanza dogo. Mwanga ndo unanilisha mimi, naunga faiba, zile nyuzi za kioo zinazobeba intaneti kwa mwanga, hapa Mbeya, na kama kuna kitu nimejifunza ni kwamba mwanga una tabia zake, na hizo tabia hazibadiliki eti kwa sababu umeingia kwenye chipu.

Ila nikakaa nikasoma kweli, mana habari yenyewe ni tamu.

Tuanze na akili mnemba yenyewe. Hii unayoiuliza ugonjwa wa viazi au ikuandikie barua ya kuomba kazi, ndani yake ni kuzidisha na kujumlisha tu. Namba zimepangwa kwenye majedwali, jedwali linazidishwa na jedwali, majibu yanajumlishwa, yanaingia kwenye jedwali linalofuata, mabilioni kwa mabilioni kabla hujapata hata neno moja la jibu. Kwenye chipu ya kawaida hiyo kazi inafanywa na transista, yani swichi ndogo sana za umeme zinazowaka na kuzima, na kila namba ikisafirishwa kwenye kinyaya cha shaba ndani ya chipu lazima hicho kinyaya kijazwe chaji halafu kimwagwe, na hapo ndo umeme unapogeuka joto. Tena kinachokula umeme sana mara nyingi sio kuzidisha kwenyewe bali ni kuzihamisha hizo namba, kuzitoa memori kuzileta kwenye prosesa na kuzirudisha.

Chipu moja ya Nvidia H100 inafika wati 700. Moja. Na wenzetu wanazipanga maelfu kwa maelfu kwenye jengo moja. Shirika la kimataifa la nishati, IEA, linakadiria vituo vya data vyote duniani mwaka 2024 vilikula kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia. Mwaka huohuo Microsoft wakaingia mkataba wa miaka 20 ili mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island kule Marekani uliokuwa umezimwa ufufuliwe, megawati 835. Sasa chukua maji yetu haya ya Usangu, yanashuka na Ruaha Mkuu mpaka Mtera, megawati 80, yanaendelea Kidatu, megawati 204, ongeza na Kihansi 180, hujafika hata 500 bado. Yani mabwawa matatu ambayo yamebeba nchi hii miaka na miaka hayafikii mkataba mmoja wa kampuni moja. Kwa hio mtu akija akasema nina njia ya kuzidisha namba bila kuchoma umeme hivyo, lazima asikilizwe, na lazima apewe hela.

Na hela wamepewa. Inayotajwa sana ni Lightmatter, ilianza 2017, waanzilishi ni Nicholas Harris, Darius Bunandar na Thomas Graham, wametokea chuo cha MIT. Oktoba 2024 walichangisha dola milioni 400 na kampuni ikathaminiwa dola bilioni 4.4. Ndugu yao wa tumbo moja ni Lightelligence ya Yichen Shen, naye ametoka maabara hizohizo za MIT, na Shen na Harris ndo walikuwa kwenye lile andiko la kitafiti la 2017 kuhusu kuhesabu kwa mwanga, lililowasha huu moto. Kule walitumia vifaa vidogo 56 kwenye silikoni, ile ile inayotengenezewa chipu za kawaida, kuifundisha chipu itambue irabu zinazotamkwa na watu. Ikapatia kama asilimia 77, wakati kompyuta ya kawaida kwenye mtihani uleule ilipata kama 92. Mimi nikisoma hapo nacheka, si kwa dharau, ni kwamba kila kitu kizuri huwa kinaanza kwa kuaibika kidogo.

Hivyo vifaa vinaitwa Mach-Zehnder, majina ya wanasayansi wawili wa miaka ya 1890, kwa hio wazo lenyewe ni la zamani kuliko redio. Unachukua mwanga unaugawa njia mbili, njia moja unaichelewesha kidogo sana, halafu unaziunganisha tena. Mawimbi yakikutana kilele kwa kilele unapata mwanga mkali, yakikutana kilele kwa bonde yanauana unapata giza, na katikati hapo unapata kiwango chochote unachotaka. Sasa fikiria namba yako ya kwanza ni ukali wa mwanga unaoingia na namba ya pili ni ule ucheleweshaji uliouweka, basi kinachotoka upande wa pili ni jibu la kuzidisha. Mwanga umepita tu, na kwa kupita kwake hesabu imeshafanyika. Panga vifaa hivi kama wavu, jedwali zima linazidishwa kwa mpigo mmoja. Na unaweza kupitisha rangi tofauti za mwanga kwa wakati mmoja na zisigombane, hii sisi wa faiba tunaijua, uzi mmoja unabeba rangi kibao na kila rangi ina data yake.

Hapa nisimamishe kidogo mana dogo alikosea na naona wengi wanakosea. Wanadhani faida ya mwanga ni spidi, mwanga unakimbia kuliko umeme. Hapana bana. Ndani ya kioo cha faiba mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, mawimbi ya umeme kwenye kebo nzuri ya shaba nayo yako hukohuko, na ndani ya silikoni mwanga unapungua zaidi, chini ya laki moja. Faida ni kwamba mwanga ukishaingia njiani hauchomi kama shaba, unaweza kwenda mbali na kubeba mizigo mingi kwa pamoja. Ndo mana mkongo wa taifa unaofika Tunduma kuingia Zambia na Kasumulu kuingia Malawi ni wa faiba na sio wa waya.

Tatizo linaanza mwanga ukitakiwa kufika. Kumbukumbu za kompyuta ni umeme, namba zinakaa kama sifuri na moja. Ili mwanga uzidishe, lazima hizo sifuri na moja zigeuzwe ziwe ukali wa mwanga, na mwisho yule mwanga aliyetoka apimwe, ageuzwe tena awe sifuri na moja. Mtu wa huku ataelewa haraka nikisema ni lori la transiti, limetoka Dar limekata mlima Kitonga likapita Makambako likafika Mbeya vizuri kabisa, halafu likalala foleni ya mpaka Tunduma. Barabara ilikuwa fupi, mpaka ndo mrefu. Vigeuzi hivyo vinakula umeme, vinakula nafasi, na kadri unavyotaka usahihi mkubwa ndivyo vinavyozidi kula, mana ukali wa mwanga sio kitu unachoweza kukisoma kwa tarakimu nyingi bila kelele, yani makosa madogomadogo ya kipimo, kuingia katikati.

Afu mwanga haukai. Hauwezi kuuweka kwenye kikombe ukaenda kunywa chai ukarudi ukaukuta. Na kwenye akili mnemba kila baada ya kuzidisha kuna hatua ya kuamua, hii namba ipite ile izimwe, na mwanga mmoja hauwezi kuuamulia mwingine upite au uzimwe hivyo kirahisi, kwa hio hapo napo wengi wanarudi kwenye umeme.

Sasa kalkuleta. Aprili 2025 Lightmatter walitoa andiko kwenye jarida la Nature kuhusu prosesa yao, na kwa kweli ni kazi kubwa, iliendesha modeli, yani programu za akili mnemba zilizokwishafundishwa, zinazojulikana kabisa, ya kutambua picha, ya lugha, mpaka ya kucheza magemu ya Atari, bila kuzibadilisha. Operesheni, yani hesabu moja moja, trilioni 65.5 kwa sekunde, kwa wati 78 za umeme na wati 1.6 za mwanga. Dogo akanitumia hizo wati akipiga kelele, "kaka wati 78 tu!!" Nikamwambia gawanya. Trilioni 65.5 gawanya kwa wati 79.6 unapata kama trilioni 0.8 kwa kila wati. Chukua H100, karibu trilioni 989 kwa wati 700, unapata kama trilioni 1.4. Najua mizani ya kuhesabu operesheni sio sawa kabisa pande zote mbili, na moja ni bidhaa iliyokomaa nyingine bado iko kwenye ujana, ila ukweli unabaki kwamba ile ya umeme bado iko mbele kwenye kilekile tulichoambiwa mwanga umekuja kukitibu. Na kitu kingine wakakisema wenyewe, kwenye ile paketi yao ya chipu kuna vipande vya mwanga milioni moja na transista bilioni 50. Bilioni hamsini! Hao wote wapo kumhudumia mwanga. Kwa hio dogo aliponiuliza kama aachane na somo la transista nikamwambia aongeze bidii.

Mimi kilichonigusa zaidi ni kuunganisha. Moyo wa faiba ya kawaida ya masafa una upana wa kama maikromita 9, maikromita ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Ukisplaisi, yani ukiunga nyuzi mbili kwa kuziyeyusha pamoja, vizuri, umesafisha na spiriti, umekata wima, mashine imekaa sawa, unapoteza chini ya desibeli 0.1, hicho ni kipimo cha mwanga unaopotea, raha. Njia ya mwanga ndani ya chipu ya silikoni ina upana wa kama nusu maikromita tu. Mwanga utoke kwenye mlango wa 9 uingie kwenye wa nusu, tena bila kutetereka, na zikipotea desibeli 3 tu nusu ya mwanga wako umekwenda. Halafu hizi njia zinahisi joto, silikoni ikipata joto kidogo mwanga unabadilisha mwendo, mahesabu yanaharibika, kwa hio vipande vingi vinawekewa vihita vidogo vya kuvirekebisha muda wote na vihita navyo vinakula umeme. Sisi Julai hapa Uyole na baridi yake kebo haijali, chipu ingejali.

Na ndo hapa habari inakuwa tamu kwangu, mana wenyewe wameliona hilo. Angalia Lightmatter sa hivi wanauza nini kwa nguvu. Sio ile prosesa ya kuzidisha, iliyoitwa Envise, ni kitu kinaitwa Passage, ambacho hakihesabu chochote. Ni sahani ya silikoni yenye njia za mwanga, chipu za umeme zinakaa juu yake na zinaongea kwa mwanga. Machi 2025 walitangaza ya kwao iitwayo M1000, terabiti 114 kwa sekunde, na faiba 256 zimebandikwa kwenye kitu chenye milimita za mraba 4,000 na kidogo, yani hakifiki hata ukubwa wa kadi ya benki. Lightelligence nao wakaingia kwenye kuunganisha. Nvidia wenyewe mwezi huohuo wakatangaza swichi, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta, ambazo mwanga unaanzia palepale pembeni ya chipu badala ya kusafiri kwanza kwenye shaba. Na LightOn wa Paris, walioanza 2016 na prosesa ya mwanga, waliachana nayo wakaenda kutengeneza modeli za lugha, wakaingia soko la hisa 2024 kwa kazi hiyo.

Kuna watu wanaliita hilo kushindwa. Mimi siliiti hivyo. Kama nilivyosema, kinachokula umeme sana ni kuhamisha namba, na kuhamisha ndo kazi ambayo mwanga umeshaifanya chini ya bahari tangu kabla dogo hajazaliwa. Walianza na swali la hesabu wakakuta jibu liko kwenye usafiri. Faiba iko baharini, iko mijini, iko kwenye nguzo za mtaani kwetu, ikaingia kwenye makabati ya seva, na sasa inaingia mpaka kwenye chipu yenyewe. Ni njia ileile inafupishwa tu.

Hao wa kuhesabu hawajaisha. Q.ANT wa Stuttgart, Ujerumani, hawatumii silikoni ya kawaida kwa njia zao bali lithiamu niobati, ambayo inaongozwa kwa volti badala ya joto, na mwaka 2025 mashine zao zimefungwa kwenye kituo cha kompyuta kubwa cha Leibniz kule Garching. Hapo kwenye kuacha vihita nawapa maksi. Kama kuna atakayenibadilisha mawazo naona ni mtu wa njia hiyo, anayepunguza yale yanayomzunguka mwanga kuliko anayeongeza vipande.

Ila namba ninayoitaka ni ya umeme wote kwa pamoja, leza, vigeuzi, memori na feni, sio ya ule mwanga peke yake unaopita katikati. Mtu akiiona popote anitumie, iwe kwa trilioni na kwa wati, asinitumie asilimia za kwenye tangazo.