Nilivyokipeleka kitabu changu Amu

Askari wa kizuizi karibu na Garsen hakuwa na haja na kitambulisho changu. Alitaka kujua kilichomo kwenye boksi la viatu nililolipakata tangu Mombasa. Nikamwambia, kitabu. Akafungua, akashika jalada moja kwa vidole viwili, akavuta. Kikamporomokea chote mpaka kwenye buti: kurasa 24 zilizoshikana kama akordioni, mita mbili na ushei. Abiria wa mbele wakaangua kicheko.

"Sasa hiki kinasomwaje?" akauliza. Namshukuru, alikikunja kwa adabu, mkunjo kwa mkunjo.

Angalau yeye alikigusa. Miezi miwili kabla, kwenye maonyesho fulani ya sanaa, kitabu hichohicho kilifungiwa ndani ya kioo, kimefunguliwa kurasa mbili tu, watu wakipita wakitikisa vichwa. Kitabu cha mikunjo kisichokunjuliwa! Nilirudi nyumbani na kinyongo, nikaamua kumpelekea mtu ambaye mikono yake naiamini: shoga wa marehemu bibi yangu, anayekaa Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni. Kitabu chenyewe kilikuwa cha bibi: kuzaliwa kwake Amu, kuolewa Mombasa, safari zake, kifo chake. Maneno machache sana. Mengine nilimwachia uzi, chapa za majani na vipande vya leso zake, ambazo pia ndizo jalada.

Kazi hii ya kukifanya kitabu chenyewe kiwe sanaa si yangu peke yangu, wala si ya jana. Mwaka 1913, mjini Paris, Sonia Delaunay alilitia rangi shairi la Blaise Cendrars kwenye ukanda mmoja wa karatasi wa kukunja, ambao ukinyooshwa unafika kama mita 2. Mwaka 1967 Mmarekani Alison Knowles akatengeneza kitabu chenye kurasa za urefu wa futi 8, msomaji anaingia ndani yake kwa miguu. Wanawake wengi wamefuata njia hiyo, na wanachokubaliana ni kwamba karatasi, mshono na mkunjo navyo vinasema, si herufi tu. Nami nilidhani ninakipeleka Amu kitu kigeni.

Mokowe tulifika adhuhuri, vumbi mpaka kwenye kope. Mashua ikatuvusha, na mji ukajitokeza kwenye maji na punda wake wamejipanga gatini. Sitausimulia, waliousimulia ni wengi.

"Hodi."

"Karibu. Ndoo uketi, mwanangu."

Alikuwa anashona kofia ya viua. Kwa asiyejua, kila kiua, yaani kitundu, kwenye kofia ile hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi kwa sindano, kimoja kimoja, na kofia moja huweza kumla mtu wiki kadhaa. Alinishika uso, akaniambia nina paji la bibi yangu, akalia kidogo, akatuma mtoto alete kahawa na mahamri. Hapo ndipo nikalitoa boksi.

"Chuo hichi umekifanya weye?"

Chuo. Mombasa neno hilo kwetu limebaki la madrasa na la wenye shahada, lakini kinywani mwake bado ni kitabu.

Akakiweka mapajani na kukifungua kutoka kulia.

Nilitaka kumzuia. Upande ule ndio mwisho: ukurasa mweupe wa sanda, bila chapa yoyote. Kisha nikaelewa. Yeye Kiswahili chake amekisoma kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo huanzia kulia. Kwa mikono yake kitabu changu kilianza na sanda. Akaenda polepole, akipapasa kila mshono: ugonjwa, ujane, safari, harusi. Kwenye harusi alicheka, maana kipande cha leso pale alikitambua; waliinunua pair moja, kila mmoja akachukua upande wake. Akafika jalada la pili, akanitazama.

"Kumbe huku azawa mwisho!"

Nilikaa na mkunjo ule mwaka mzima, nikaukata, nikaubandika, na hata siku moja haikunijia kwamba una milango miwili.

Akasimama, akaenda kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, akarudi na daftari lililofungwa kwenye kitambaa. Ndani, tendi alizozinakili kwa mkono ujanani, na mojawapo ile ya Mwana Kupona binti Msham wa Pate, ya mwaka 1858, anapomwita binti yake asogee na wino na karatasi amwachie wasia. Sikuweza kusoma hata mstari. Ila mshono niliusoma. Daftari lilikuwa limefumuka zamani akalishona upya kwa uzi wa kofia, mgongo mzima umejaa viua vidogo, na jalada amelivisha leso. Vichwa vya beti vilikuwa kwa wino mwekundu. Nikakumbuka misahafu ya Siyu, iliyonakiliwa kwa mkono karne ya 18 na ya 19 na kupambwa kwa nyeusi, nyekundu na manjano. Siyu ni ng'ambo tu hapo, kisiwa cha Pate.

"Hili nalo ni sanaa," nikamwambia.

"Ni daftari," akajibu, na kurudi kwenye kitabu changu. "Huu uzi wako utakatika. Mwembamba."

Hakungoja ruhusa. Alitia sindano nta, akaanza kuimarisha ukingo wa ukurasa wa harusi kwa viua, na adhana ya alasiri ikamkuta kwenye cha tano.

Kilibaki kwake, kwenye kidaka, juu ya lile daftari. Siku tatu baadaye, pale kizuizini, askari mwingine alifungua boksi langu la viatu. Lilikuwa na mahamri. Akachukua mawili.