Jinsi Nilivyoumaliza Mvumo wa Ekzosi
Baada ya fundi mmoja wa Gerezani, Dar es Salaam, kuondoa sailensa ya kati na kuniwekea bomba la inchi 2.5, gari yangu, Toyota Mark II ya silinda sita, ilipata sauti niliyoitamani, lakini kila nilipotulia kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika katika Barabara ya Morogoro, mvumo mzito ulijaa ndani hadi mwanangu akaziba masikio.

Injini hiyo hulipua mafuta mara tatu kwa kila mzunguko, yaani mara 120 kwa sekunde kwa kasi hiyo, na huo ndio mvumo wenyewe. Fundi mwingine alinichomelea ubavuni mwa bomba kuu tawi lililozibwa mwisho, lenye urefu wa sentimita 94, ambao ni robo ya wimbi la sauti hiyo ndani ya moshi wa moto, unaoipitisha kwa takribani mita 450 kwa sekunde; wimbi linaloingia humo hurudi limegeuka na kulififisha lile linalopita. Kabla bomba halijapata moto, alipaka maji ya sabuni kwenye kila mshono ili kuona panapovuja, povu likatoka mahali pamoja tu, naye akapachomelea upya.

Mvumo umekwisha, na nikikanyaga mafuta ile sauti nzuri bado ipo.